Maboksi ya Milembe

Hii nimetumiwa mara tatu wiki hii, na kila aliyenitumia alidai inamhusu mtu mwingine. Nilipoimaliza nikatazama juu ya kabati langu, nikaona na mimi nimo. Basi isome mpaka chini, kisha umtumie yule utakayemfikiria kwanza. Kama utajifikiria wewe mwenyewe, si vibaya.

Tabora palikuwa na mzee mmoja akiitwa Mihayo. Alifanya kazi reli miaka thelathini na nne, yote katika chumba cha vifurushi. Kazi yake ilikuwa kupokea mizigo ya watu, kuifunga barabara, na kuandika jina la mwenye mali juu yake kwa wino mweusi usiofutika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu. Watu walikuwa wakitania kwamba kifurushi kilichoandikwa na Mihayo hakipotei hata treni ikipotea.

Mkewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kike, Milembe.

Milembe alipokuwa na miaka saba, mhandisi mmoja wa kigeni alimaliza mkataba wake pale reli. Siku ya kuaga alimpa Mihayo boksi la vitofali vya plastiki, vile vya kupachikana, ambavyo mtoto anajengea nyumba, gari au daraja, halafu anabomoa anajenga kingine. Boksi lilikuwa jipya, bado halijafunguliwa.

"Kwetu watu wanaweka maboksi haya bila kuyafungua," mhandisi alimwambia. "Baada ya miaka ishirini wanayauza kwa bei ya ajabu."

Akapanda ndege akaenda zake. Hakusema ni maboksi yapi, wala ni watu gani wanaoyanunua. Mihayo naye hakuuliza.

Ikawa hivyo. Shemeji yake Mihayo, kaka wa marehemu mkewe, jina lake Kasanda, alikuwa baharia. Mihayo akamwagiza, na Kasanda kila aliporudi likizo alileta boksi moja au mawili. Mihayo alikuwa akilipokea boksi kama mzigo wa serikali. Analiweka mezani, analizungushia selotepu pande zote ili vumbi lisipenye, kisha anachomoa ile kalamu yake ya kazini na kuandika juu ya picha, kwa herufi kubwa: MALI YA MILEMBE MIHAYO. ISIFUNGULIWE. Halafu analipandisha juu ya kabati. Kabati lilipojaa, akahamia stoo.

"Baba, nicheze kidogo tu?" Milembe aliuliza siku ya boksi la kwanza.

"Humu hamna mchezo, mwanangu. Humu mna duka lako. Ukilifungua, umelivunja duka."

Mtoto wa miaka saba unamwambia maneno hayo, ataelewa nini? Milembe alielewa kwamba ndani ya boksi mna duka. Baba yake akienda kazini, alikuwa anapanda kiti, analishusha boksi, analitingisha karibu na sikio. Alisikia vitu vidogo vidogo vikigongana humo, akaamini kabisa kwamba hao ndio wateja.

Alipofika miaka tisa, mjomba Kasanda alipita mchana, baba mtu akiwa kazini, akamkabidhi boksi Milembe mwenyewe. Halikuwa kubwa. Lilikuwa na stesheni ndogo ya reli, kichwa cha treni, mabehewa mawili na watu wanne. Mmoja wao alikuwa stesheni masta, mwenye kofia nyekundu na bendera ya kijani mkononi, urefu wake haufiki kidole gumba.

Boksi hilo lilikuwa bado halina jina. Milembe alilitazama, akatazama saa ya ukutani, akalifungua.

Mihayo aliporudi jioni na sare yake ya reli, alikuta stesheni imesimama katikati ya sebule, treni imeingia, na stesheni masta mlangoni anampungia bendera. Mtoto alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anapiga honi kwa mdomo.

Hakumpiga. Labda angempiga yangeisha siku ileile. Aliinama, akamchukua yule stesheni masta, akamtia mfuko wa shati.

"Umelivunja duka lako kwa mikono yako," alisema. "Huyu nakaa naye. Nitakurudishia utakapokua ukajua maana ya mali."

Boksi lile hakuliandika jina, kwa sababu kwake lilikwisha kuwa takataka. Alimwachia Milembe akae nalo. Milembe akaendelea kuchezea stesheni isiyo na stesheni masta, miaka mitatu au minne. Kila alipomaliza alirudisha kipande kimoja kimoja mahali pake, kwa hofu kwamba kingine nacho kitachukuliwa. Hakuomba tena kufungua boksi lolote, na baba yake alidhani amekwisha kuelewa.

Miaka ikaenda. Mihayo akastaafu. Milembe akawa fundi cherehani, na mimi sijaona sare ya shule iliyonyooka kola kama anazoshona yeye. Shida yake ilikuwa mahali. Alishonea barazani kwa baba yake, na wote mnaijua Tabora wakati wa kiangazi. Anakata shati jeupe, upepo unakuja, shati linageuka rangi ya udongo kabla halijatiwa kifungo. Wazazi walikuwa wanarudisha mashati, na wengine walikuwa hawarudi kabisa.

Akiwa na miaka thelathini na moja, ikapatikana fremu ya duka karibu na soko, katikati ya shule mbili za msingi. Ina mlango wa kioo na sakafu ya vigae. Fundi wa sare hawezi kupata mahali pazuri kuliko hapo. Mwenye fremu alitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na alimpa Milembe mpaka Ijumaa. Ijumaa ikipita, kulikuwa na muuza simu anaisubiri.

Milembe hakuwa nazo, wala robo yake. Alimweleza baba yake akiwa amejiandaa kuambiwa pole. Mzee akacheka kwa furaha mpaka akakohoa.

"Sikukwambia? Miaka yote hii sikukwambia? Duka lako limefika. Shusha maboksi."

Mwanza kuna mama mmoja aliyefahamika kwa kazi hiyo, Bi Nyamizi. Alikuwa ananunua vitu vya zamani vya kuchezea na kuwauzia wakusanyaji wa nje kwa njia ya simu. Sifa yake kubwa haikuwa kujua kinachouzika. Alijua kisichouzika, na hakumficha mtu. Mzee alimpigia Jumatatu, na Jumatano mama akashuka kwenye basi na mkoba wake mmoja.

Alimkuta Mzee Mihayo amevaa koti lake la reli, limepigwa pasi. Sebule nzima ilitandikwa mkeka, na juu ya mkeka yalipangwa maboksi ishirini na sita, kila moja jina limeelekea juu. Milembe alisimama mlangoni, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Karibu mama, karibu sana. Za safari?"

"Njema, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Pita hapa pembeni, tafadhali usikanyage."

Bi Nyamizi akavua viatu, akakaa chini, akavaa miwani. Akavuta boksi la kwanza, akalisoma ubavuni, kisha akauliza swali ambalo mzee hakulitarajia.

"Wakati hili linauzwa dukani, kuna mtoto aliyelikosa akalia?"

"Mama?"

"Nauliza kama kuna mtoto alililia."

"Sasa hilo nitalijuaje? Lilinunuliwa ng'ambo." Mzee alisogea karibu. "Lakini tazama hapo pembeni. Mhandisi mwenyewe alinisomea. Ni toleo maalumu la ukumbusho."

"Nimeona. Na kila aliyelinunua aliona. Wote wakalipeleka nyumbani wakaliweka juu ya kabati, kama wewe. Mpaka leo yapo hivyohivyo, hayajafunguliwa, kila mwenye nalo anasubiri mnunuzi. Wauzaji ni wengi, mzee wangu. Mnunuzi ndiye hayupo."

Akaliweka kushoto kwake. Akavuta la pili.

"Hili ni la sinema moja iliyovuma kwa muda mfupi. Mtu mzima anayenunua hivi vitu anatafuta utoto wake. Nani alikua na sinema hii? Hata walioicheza wameisahau."

Likaenda kushoto.

La tatu lilikuwa kubwa kama sanduku la bibi harusi, na mzee alilishika mwenyewe kumsaidia. "Hili ndilo baba lao," alisema.

"Hili kiwanda kililitoa tena baadaye, likiwa zuri zaidi. Anayelitaka ananunua lile jipya. Na ukilisafirisha, nauli inakula kila kitu."

Kushoto. La nne lilikuwa na kibandiko kidogo chekundu kwenye kona. Bi Nyamizi alikigusa kwa ukucha.

"Nani alikuwa anakuchagulia?"

"Shemeji yangu, Kasanda. Baharia. Alisema hayo ni ya wachache."

"Alisema kweli. Wachache waliyataka. Hiki kibandiko kinawekwa dukani bei ikishushwa, na hapa chini yake kuna vingine viwili. Shemeji yako alikuwa anachukua yaliyokataliwa."

Mzee akaligeuza boksi, kibandiko kikaangalia chini. Kasanda alikwisha kutangulia mbele ya haki, na marehemu hasemwi.

Kazi ikaendelea hivyo kwa muda wa saa nzima. Upande wa kushoto ukapanda, upande wa kulia ukabaki mkeka mtupu. Milembe alikuwa anaangalia ile fremu ikimtoka boksi kwa boksi, mlango wa kioo, vigae, na zile shule mbili.

Kisha Bi Nyamizi akavuta maboksi matano ya mwisho na kuyaweka mbele yake pamoja. Kwa mara ya kwanza alitabasamu.

"Haya sasa ni maboksi. Haya watoto waliyapenda. Waliyafungua siku ileile, wakayachezea, wakapoteza vipande. Mazima yamebaki machache, na wanaoyakumbuka ni wengi."

Mzee Mihayo akavuta pumzi iliyofika mpaka visigino. "Alhamdulillahi. Matano yanatosha."

Bi Nyamizi alikuwa amevua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Alipitisha kidole juu ya yale maandishi.

"Hii ni nini?"

"Jina la mwenye mali."

"Naona ni jina. Wino gani?"

"Wa reli," mzee alisema, na kifua kikapanda kidogo. "Haufutiki kwa maji, mafuta wala jua."

Mama akashika ncha ya selotepu, akaivuta polepole. Selotepu ikatoka, na picha ya boksi ikatoka nayo. Likabaki doa jeupe la karatasi. Akajaribu la pili kwa upande mwingine, ikawa vilevile. Akayaacha matatu yaliyobaki.

"Mkusanyaji ananunua boksi kwanza, kilichomo baadaye. Boksi lililoandikwa hivi, kwake limekufa. Kama lisingeandikwa ningekupa hela leo, hapahapa."

"Lakini ni mazima!" Mzee alipandisha sauti. "Hakuna mkono uliogusa. Miaka ishirini na nne, hakuna aliyegusa!"

"Ni kweli hakuna aliyegusa," Bi Nyamizi alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Lakini yote yameandikwa kwamba ni ya Milembe. Mteja wa maboksi haya duniani ni mmoja tu, mzee wangu. Na ulikuwa naye humu ndani tangu ana miaka saba."

Mzee Mihayo akakaa kwenye kochi na koti lake la reli. Aliona aibu. Kukosea biashara si ajabu, watu hukosea. Aibu yake ilikuwa kwamba Milembe alikuwa pale mlangoni, na yale maandishi mazuri yalikuwa ya mkono wake mwenyewe.

"Basi, baba," Milembe alisema. "Si kitu. Nitaendelea barazani."

Hakusema kwa hasira. Mzee angependa aseme kwa hasira.

Bi Nyamizi akakusanya mkoba wake. Alitoka nje, akainama kuvaa viatu, na akiwa ameinama vile akaona kitu chini ya meza ya cherehani, nyuma ya mfuko wa vitambaa. Lilikuwa boksi dogo, kona zake zimechakaa, lakini safi. Halikuwa na selotepu wala maandishi.

"Na hili?"

"Hilo liliharibika," mzee alijibu upesi kutoka ndani. "Lilifunguliwa."

"Nani alilifungua?"

"Mimi," alisema Milembe.

"Ulililia?"

Milembe alifikiri kidogo. "Baada ya kulifungua, mwaka mzima," alisema.

Bi Nyamizi akalivuta boksi, akakaa palepale barazani na kiatu kimoja mguuni. Ndani mlikuwa na kijitabu cha maelekezo, hakijachanika hata ukurasa. Vipande vilikuwa ndani ya vifuko vidogo vya vitambaa, kila rangi na kifuko chake, vimeshonwa kwa mkono na mtu aliyekuwa anajifunza kushona. Mshono wa kifuko cha kwanza ulikuwa umekwenda kombo. Wa kifuko cha mwisho ulikuwa umenyooka kabisa.

Bi Nyamizi akaanza kuvilinganisha vipande na kijitabu.

"Hii ni seti ya kawaida," alisema huku akiendelea. "Haikuandikwa toleo maalumu wala haikupigiwa tarumbeta. Ilikuwa inauzwa kila mahali. Kila mtoto aliyepewa aliifungua na kuimaliza, kwa hiyo leo hakuna. Kuna bwana mmoja wa nje ananiuliza hii kwa mwaka wa nne sasa. Alikuwa nayo alipokuwa mdogo. Boksi kufunguliwa hajali. Anataka kijitabu na kila kipande."

Milembe akashika nguzo ya baraza.

"Kodi ya fremu ni kiasi gani?" mama akauliza. Milembe alimtajia. "Inafika, na ukuta unaupaka rangi." Akapindua ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Akatazama watu walio kwenye kifuko, akawahesabu kwa kidole, akatazama tena kitabu. "Hapa wako watatu. Yuko wapi stesheni masta?"

Akakipindua kifuko, akakikung'uta kiganjani.

"Mwenye bendera ya kijani. Hakutiwa kwenye seti nyingine yoyote, na huyo ndiye hasa anayetafutwa. Bila yeye siwezi kumpelekea mtu."

Milembe aliangalia sakafu. Alijua stesheni masta alionekana wapi mara ya mwisho. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuuliza, na hata siku hiyo, na fremu ikiwa inaondoka, mdomo wake haukufunguka.

Ndani, kochi likalia. Mzee Mihayo akaingia chumbani kwake. Sanduku likafunguliwa, likafungwa. Akatoka akiwa ameshika kitu ndani ya ngumi, akaja barazani, akaifungua ngumi mbele ya binti yake.

Kofia nyekundu ilikuwa imepauka. Bendera ilikuwepo, nzima.

"Nilisema nitakurudishia ukikua," alisema. "Kila mwaka nikawa najiambia bado."

"Ulimweka wapi, baba?"

Mzee alijibu bila kumtazama mtu. "Kazini. Kwenye meza yangu, kando ya mizani. Reli nzima walimjua. Mimi sikupanda cheo zaidi ya vifurushi, wewe unajua. Basi kila asubuhi nilikuwa nampigia saluti, namripotia mizigo iliyoingia." Sasa akamtazama Milembe. "Nilikuwa nacheza, mwanangu. Nilikunyima wewe, nikacheza mimi."

Bi Nyamizi aligeuza uso, akashughulika na kiatu cha pili.

Milembe alimchukua yule mtu mdogo, akamtazama mbele na nyuma, akamweka kwenye kifuko pamoja na wenzake watatu. Halafu akalifunga boksi, akampa Bi Nyamizi.

"Chukua, mama."

Mzee akashtuka. "Subiri kwanza. Milembe, nitakopa kwa watu. Nitauza kochi. Usiuze hili. Katika nyumba hii nzima, hiki ndicho kitu pekee ulichokipenda."

"Ndiyo maana naweza kukiuza, baba. Nimekicheza mpaka kikanitosha." Akatazama ndani, kule kwenye mkeka. "Yale mengine ndiyo siwezi kuyatoa. Sijayaona hata siku moja."

Fremu ikalipiwa Alhamisi. Muuza simu alikuja Ijumaa asubuhi, akakuta kufuli jipya.

Jumatatu iliyofuata Milembe alihamisha cherehani, na baada ya cherehani akahamisha maboksi yote ishirini na sita kwa guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, safari moja. Mzee Mihayo alitembea kwa miguu nyuma ya guta akihakikisha hakuna linalodondoka. Alidhani yanakwenda kupangwa kwenye shelfu, ya mapambo. Alipofika akakuta Milembe ametandika ule mkeka wa sebuleni kwenye kona ya duka. Kina mama walikuwa wameanza kuleta watoto kupimwa, na watoto waliokwisha kupimwa walikuwa wanazunguka bila kazi, wanavuta vitambaa.

Mzee alichukua boksi lililokuwa juu. Lilikuwa lile la kwanza kabisa, la mhandisi. Akakaa nalo kwenye mkeka, kwa shida, magoti yakilia. Watoto wawili wakamsogelea. Alipitisha kiganja juu ya maandishi yake mwenyewe, akayasoma, akamwinulia binti yake uso.

Akina baba wa Tabora huwaita binti zao mama, na yeye hakuwahi kumwita Milembe hivyo tangu alipokuwa mdogo.

"Mama," alisema, "nicheze kidogo tu?"

Milembe alikuwa anampima mtoto mabega. Aliacha tepu ikaanguka. Akachukua mkasi mezani, akauelekeza mpini kwa baba yake.

"Kidogo tu, baba. Na urudishe kila kipande mahali pake."

Funzo: Kinachopanda thamani ni kilichopendwa, si kilichofichwa; na ukishaandika jina la mtoto juu ya furaha yake, mpe angali anaitaka.